Shajara ya kihenge: miezi saba ya kujitolea shambani Kiryandongo

Mama mwenye shamba ndiye aliyeniambia niandike. Wajitoleaji wanne wamepita hapa kabla yangu. Kila mmoja kajenga kitu, kisha kaondoka na akili yake kichwani. Banda la sungura lipo, sungura hawapo. Nyuma ya jiko kuna shimo refu ambalo hakuna anayekumbuka lilichimbwa la nini. (Shimo hilo mtalisikia tena.) Nimeongeza maandishi kila hatua ilipokwisha. Bei zote ni shilingi za Uganda, tulizolipa sisi Bweyale, mji wa hapa wilayani Kiryandongo, Uganda.

18 Juni. Kufika

Kutoka Kampala hadi Bweyale ni zaidi ya kilomita 200, barabara ya Gulu. Basi lilinishusha saa nane mchana. Bodaboda akanitoza 15,000 kunifikisha shambani, begi mgongoni na kapu la nyanya mapajani, maana Mama aliagiza nyanya kwa simu. Nusu zilifika zikiwa mchuzi.

Mama ni Mkenya. Aliingia Uganda na watoto wake 2008, baada ya vurugu za uchaguzi, akaanzia kambini Kiryandongo kama Wakenya wengi wa wakati ule. Sasa analima ekari tano: mbili za mahindi, nyingine mihogo, maharagwe, ufuta na viazi vitamu. Makubaliano yetu ni mepesi. Mimi nafanya kazi mpaka saa saba mchana, siku sita kwa wiki. Yeye anatoa chakula, kitanda na chandarua. Mshahara hakuna.

Nilimwamkia shikamoo. Akacheka mpaka akashika ukuta. "Mtanzania, hapa hiyo salamu utaitikiwa na mbuzi." Tangu hapo yeye ni Mama tu, na mimi ni mwanangu siku njema, Mtanzania siku ya kosa.

Tatizo lililonileta ni hili. Mahindi ya msimu wa kwanza hupandwa Machi na Aprili, yanakomaa Julai. Mvua hupumua kidogo tu katikati ya mwaka. Julai ikiisha inarudi, na Agosti inapiga karibu kila alasiri. Kwa hiyo mahindi yanavunwa saa ile ile ambayo jua linaondoka. Mwaka jana Mama aliyaanika chini uani, yakanyeshewa mara tatu, akayauza mabichi kwa mlanguzi wa kwanza aliyepita na pikipiki. Anataka kihenge, ghala la kukaushia na kuhifadhia mahindi, kabla ya mavuno.

25 Juni. Siku zenyewe

Kihenge hakijaanza, nguzo hazijafika. Niandike siku inavyokwenda, kwa atakayekuja baada yangu.

Naamka saa kumi na moja na nusu. Kazi ya kwanza ni maji. Kisima cha pampu kiko mwendo wa dakika ishirini, na anayepanga foleni pale si mtu, ni jerikeni. Watu huziacha jioni zikalala zimepanga mstari. Siku ya kwanza mimi, kwa ujinga wangu, nilisogeza moja ya njano iliyokuwa mbele tupu bila mwenyewe. Nilitukanwa kwa Kiacholi, kwa Kialur na kwa Kiswahili, kwa zamu.

Tunapalilia mpaka saa nne, chai ya maziwa na mihogo, tunaendelea. Mchana ni posho na maharagwe. Posho ni ugali, usitafute tofauti. Ila kuna siku ya malakwang, majani machachu-machachu yanayopikwa na njugu zilizosagwa pamoja na ufuta, huliwa na viazi vitamu. Mara ya kwanza nilidhani chakula kimechacha nikala kwa adabu. Sasa nikiona mke wa fundi anapita na majani yale naanza kumsalimia kwa uchangamfu usio wa kawaida.

Kuchaji simu ni 500 pale senta, kwenye duka lenye sola. Tumbili wanaingia mahindini saa kumi jioni. Watoto wanapiga madebe. Tumbili wameshajua kwamba Jumapili saa tatu hadi saa sita watoto wako kanisani.

Kiswahili kinatosha hapa. Bweyale imekusanya watu wa kila upande, na sokoni utasikia Kiarabu cha Juba, Kikuyu na Kilango ndani ya dakika tano, kisha bei inatajwa kwa Kiswahili. Wazee wachache hukikunjia uso, kwa kuwa walikisikia kwanza kwa askari. Mzee fundi wetu hana neno nacho. Alikijifunza kwenye ujenzi Nairobi, na anakitumia kama nyundo.

6 Julai. Kihenge cha kwanza kimesimama

Siku nne za kazi. Nguzo 8 za mkaratusi kwa 7,000 kila moja, fito 30 kwa 1,000, mabati 6 ya futi 8 kwa 30,000, bunda la wavu wa kuku la mita 30 kwa 110,000, misumari kilo 4 kwa 7,000, na ufundi 20,000 kwa siku. Jumla 484,000. Mama aliuza mbuzi wawili na kuongeza akiba.

Ramani niliichora mimi. Nina cheti cha kilimo nilichosomea Morogoro, na umbo la kihenge cha kukaushia nilikuwa nalo kichwani: sanduku refu lililoinuliwa juu ya nguzo, kuta za wavu, paa la bati, mahindi yanaingia bila maganda lakini hayajapukuchuliwa, upepo unapita unayakausha humo humo. Vipimo ndivyo vilivyonitoka. Nikaandika upana mita 1.5, urefu mita 4, kuta mita 1.2.

Mzee fundi aliangalia karatasi akauliza, "Huu upana umetoka wapi, binti yangu?"

Nikamjibu umetoka chuoni. Ukweli ulikuwa umetoka kwenye bati: futi 8 inafunika mita 1.5 vizuri na kubakiza ukingo wa kuchuruza maji, hakuna kukata.

Akataka pia tuchome miguu ya nguzo motoni hadi iwe nyeusi kabla ya kuichimbia, kwa ajili ya mchwa. Nikaona siku nzima itapotea. Tukachimbia zikiwa mbichi na gome lake. Tulikiweka nyuma ya jiko, kati ya mwembe na migomba, ili wezi wasikione kutoka barabarani.

Mstari huu nimeuongeza baadaye: nimeyaacha haya yote kwa kirefu kwa sababu karibu kila sentensi ya aya hizi ni kosa.

28 Julai. Mavuno

Siku sita, watu saba, hakuna la ajabu. Tulimenya maganda shambani, yaliyooza tukayatenga, mazuri yakajaa kihenge mpaka karibu na paa. Mvua ya kwanza kubwa ilinyesha usiku wa siku ya tano. Tulilala tukiisikia juu ya bati la kihenge na Mama akasema kutoka chumbani kwake, "Asante, Mtanzania." Kwa mara ya kwanza jina hilo halikuwa la kosa.

13 Agosti. Joto

Nilikwenda kuchukua mahindi ya kuchoma. Nikaingiza mkono kupitia mlango wa juu, nikashuka mpaka kiwiko, nikautoa haraka. Ndani kulikuwa na joto kama chini ya kuku anayeatamia.

Tulitoa yote siku hiyo hiyo. Pembeni, kiasi cha shibiri moja na nusu kutoka kila ukuta, mahindi yalikuwa yanakauka vizuri, yanalia yakigongana. Katikati kulikuwa na ukuta mwingine, wa mahindi yenye jasho, mengine yameota, mengine yana ukungu wa kijani-njano kwenye ncha. Magunia matatu yameharibika kabisa.

Kosa ni upana. Upepo unaopita kwenye rundo la mahindi unafika mbali kidogo tu, kisha unakuwa umebeba maji kiasi kwamba haukaushi tena. Sehemu zenye unyevu mwingi kihenge hakitakiwi kuzidi sentimita 60 au 70. Mita 1.5 ni ya sehemu kame. Na hata upepo wenyewe haukuwepo, maana nilikificha nyuma ya jiko na migomba. Mwizi hakukiona. Upepo nao haukukiona.

Mzee fundi hakusema kitu. Alichukua futi yake akapima upana tena, pole pole, mbele ya macho yangu, akaikunja akaiweka mfukoni.

15 Agosti. Magunia matatu

Mahindi mazuri yako sebuleni kwa Mama, juu ya turubai, kutoka ukuta hadi ukuta. Tunakula tumesimama mlangoni. Tumenunua turubai mbili kwa 65,000 kila moja, zinatolewa nje jua likichomoza na kukunjwa mawingu yakikusanyika. Jana tulizikunja mara nne.

Ugomvi ulikuwa juu ya yale mabovu. Mama mmoja jirani anapika kwete, pombe ya mahindi, akaja na 20,000 mkononi. Kwake ukungu si neno, utachemka. Mama naye alikuwa anazitazama zile noti. Mbuzi wawili wamekwenda, magunia matatu yamekwenda, hapa kuna mtu anataka kulipia uchafu.

Nikasema hapana, na haikuwa rahisi kusema, kwa sababu uchafu ule niliutengeneza mimi. Ukungu wa rangi ile ndio unaoleta sumukuvu. Sumu yenyewe haina harufu wala rangi, na moto wa jikoni hauiondoi. Ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka inaharibu ini, hata kuleta saratani. Ikiliwa nyingi kwa mara moja inaua upesi. Kuku pia inawaua, na ng'ombe akiila inatokea kwenye maziwa. Nilidhani nitahitaji hotuba ndefu. Mama akanikatiza. Alikuwa Kenya 2004, mwaka ambao mahindi ya ukungu yaliua watu 125 Ukambani na jirani zake. "Nilisikia redioni kila asubuhi," akasema. "Walikuwa wanakula posho kama sisi."

Akamwambia jirani arudi na pesa yake. Yule mama aliondoka amenuna, na ameninunia mpaka leo. Magunia matatu yamefukiwa kwenye lile shimo nyuma ya jiko. Mwishowe limepata kazi.

24 Agosti. Kubomoa na kujenga upya

Safari hii tulianza na upepo. Nilifunga vitambaa kwenye miti minne sehemu mbalimbali za uwanja, nikaviangalia siku nne asubuhi, mchana na jioni, nikaandika. Nyuma ya jiko kitambaa kilining'inia kama kimekufa. Karibu na njia, kwenye uwazi kabla ya mihogo, kilicheza kutwa, mara nyingi kikitoka mashariki. Tukajenga pale, ubavu mrefu ukitazama mashariki. Wezi tutapambana nao kwa mbwa.

Badala ya kimoja, vihenge viwili. Kila kimoja upana sentimita 60, urefu mita 4, kuta mita 1.5. Atakayepiga hesabu ataona kitu kilichoniuma: ujazo wa viwili hivi ni mita 7.2 za ujazo, na ule wa kwanza ulikuwa mita 7.2 hizo hizo. Nafasi haikuwa tatizo hata siku moja.

Mabati yale sita tuliyakata katikati, yakawa vipande kumi na viwili, sita kila kihenge, na ukingo wa sentimita 30 kila mbavu. Inatosha kabisa. Wavu una upana wa futi 4, haufiki mita 1.5, kwa hiyo sentimita 30 za chini tuliziba kwa fito zilizokaribiana. Sakafu iko mita moja kutoka ardhini.

Nguzo moja kati ya zile nane ilikuwa imeshaliwa. Wiki sita tu. Gome la chini lilitoka mkononi kama mkate uliolowa, na ndani mchwa wamejaa. Saba zilizobaki na tisa mpya tulizimenya gome, tukachoma miguu mpaka ikawa mkaa kwa nje, kisha tukapaka oili chafu kutoka gereji, nusu mita chini na shibiri juu ya ardhi. Kazi yote hiyo ilichukua asubuhi moja. Si siku nzima kama nilivyodai Julai. Mzee fundi alichochea moto akipiga mluzi.

Gharama: nguzo 9 kwa 63,000, fito 20 kwa 20,000, misumari kilo 3 kwa 21,000, oili chafu 10,000, madebe matupu 8 kwa 24,000, ufundi siku tano 100,000. Jumla 238,000. Zimetoka kwenye pesa ya ufuta ambayo ilikuwa ya karo ya mjukuu wa Mama, na karo italipwa kwa awamu. Naandika hili ili msomaji asidhani kosa la kuchora halina mtu anayelilipia.

2 Septemba. Panya

Madebe yale nane tuliyakata na kuyakunja kuwa kofia kumi na sita, moja kila nguzo, mdomo ukitazama chini, ili panya akipanda afike kwenye bati akwame. Nilizifunga sentimita 40 kutoka chini kwa sababu pale ndipo mkono unapofika bila kuinama sana.

Usiku wa pili panya walikuwa ndani. Mimi na mjukuu tulikaa na tochi tukaona mmoja. Hakupanda hata. Alisimama, akaruka, akashika nguzo juu ya kofia yangu, akaendelea na safari. Kesho yake tukazipandisha zote hadi chini kidogo tu ya sakafu, sentimita 90.

Usiku wa nne, panya tena. Safari hii niliamini ni uchawi. Mjukuu, ana miaka tisa, ndiye aliyeonyesha: ngazi. Tulikuwa tunaiacha imeegemea kihenge usiku kucha, tumewatengenezea barabara. Sasa ngazi inalala chini, na mwenye kuisahau anachota maji ya wote asubuhi. Nimechota mara mbili.

9 Septemba

Malaria. Siku tano chini ya chandarua, nikisikia mvua na kuhesabu mabati. Kipimo na dawa zahanati ni bure ila dawa za maumivu zilikuwa zimeisha, nikanunua duka la dawa kwa 6,000. Mama aliniletea uji wa ulezi kila saa mbili, akikaa kitandani mpaka niumalize. Kazi haikusimama. Jambo hilo lilinifurahisha na kuniudhi kwa pamoja.

30 Septemba. Chumvi

Mahindi yamekaa vihengeni wiki tano. Tumeingiza mikono kila siku ya tatu, katikati hakuna joto. Swali sasa ni kama yamekauka kiasi cha kupukuchua na kufungia. Mama anapima kwa jino: akiuma punje ikavunjika kwa mlio, imekauka. Jino lake linasema ndiyo.

Nilitaka kipimo. Kile cha umeme hatuna, lakini kuna cha chupa. Unachukua chupa ya kioo iliyo kavu, unaijaza robo kwa punje, unatia vijiko viwili vitatu vya chumvi, unafunga, unatikisa dakika moja au mbili, unaiacha itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umepita asilimia 15. Isipoganda, uko chini yake.

Chumvi iliganda. Tukaanika siku moja, ikaganda. Siku ya pili, ikaganda. Siku ya tatu jino la Mama lilikaribia kukatika na chumvi bado imeganda, ndipo nikaitazama chumvi yenyewe. Inakaa kwenye kopo lisilo na kifuniko, juu ya jiko, karibu na sufuria linalochemka kutwa. Ilikuwa na maji kuliko mahindi. Nikaikaanga kwenye kikaango kikavu, nikaiacha ipoe ndani ya mtungi uliofungwa, nikarudia. Haikuganda hata chembe.

"Jino langu halihitaji kukaangwa," Mama akasema.

5 Oktoba. Magunia

Tumepukuchua kwa mikono, jioni tatu, majirani wamesaidia kwa chai na mandazi. Waliposikia redio ina mpira wakaondoka wanaume, kazi ikaenda haraka zaidi. Baada ya kupepeta tumepata magunia 13 ya kilo 100. Moja la kula sasa, 12 la kuhifadhi.

Tumenunua magunia 12 yasiyopitisha hewa kwa 9,000, jumla 108,000. Ndani yana mifuko miwili ya plastiki nzito, nje ni gunia la kawaida. Hayatiwi dawa yoyote. Wadudu walioingia na mahindi wanapumua hewa iliyomo mpaka inakwisha, wanakufa. Mimi nawahofia dumuzi kuliko fukusi. Dumuzi alitoka Amerika ya Kati, akaonekana kwetu Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, na nimekua nikisikia babu anavyomlaani. Anatoboa mahindi, mbao, na plastiki pia ukimpa muda.

Jinsi ya kufunga: jaza, kandamiza hewa itoke, sokota shingo ya mfuko wa ndani, ukunje, ufunge kwa kamba, kisha wa pili hivyo hivyo, kisha gunia. Usiburute. Tuliburuta moja, likakutana na msumari wa mlango, na 9,000 ikageuka kuwa gunia la kawaida. Nimelinunua jingine kwa pesa yangu, sikulitia kwenye hesabu ya Mama.

19 Oktoba. Harufu ya kwete

Nimefungua magunia mawili kukagua, yale mawili ya kwanza kufungwa. Yamenuka pombe.

Nilikaa chini. Baadaye, kwa utulivu, nikaelewa: chupa inakuambia uko chini ya 15. Haikuambii uko wapi. Gunia lisilopitisha hewa linataka 13 au pungufu, kwa kuwa haliruhusu hewa kuingia na haliruhusu maji kutoka pia. Mahindi ya asilimia 14 na nusu ukiyafungia humo, umeyatia kwenye mtungi wa pombe. Haya mawili yalifungwa siku ya kwanza, kabla ya mengine kumi ambayo yalipata jua la siku mbili zaidi kwa sababu tu magunia yaliisha dukani na tukasubiri. Bahati, si akili.

Tumeyaanika mawili siku tatu juu ya turubai. Harufu imeondoka. Lakini sumukuvu haina harufu, kwa hiyo kuondoka kwa harufu hakukunituliza. Tukayafunga kitambaa chekundu, hakuna kula. Mama alichukua sampuli za magunia yote, punje chache kutoka juu, kati na chini, akaenda nazo kwa mnunuzi mkubwa ambaye ana kipimo cha unyevu na kile cha haraka cha sumukuvu. Pale wanapima kwa makini tangu Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu hiyo hiyo. Zuio lilidumu siku chache, ila malori yaliyokwama mpakani hayajasahaulika. Kiwango cha Afrika Mashariki ni sehemu 10 katika bilioni.

Magunia kumi: unyevu hauzidi 13, yote yamepita. Ya kitambaa chekundu: yamepita pia. Mama alinipigia simu kutoka huko huko, salio likakatika kabla hajamaliza kusema, nikaishi dakika arobaini bila kujua ni yapi yaliyopita.

16 Januari. Kufungua

Tangu Oktoba hakuna cha kuandika. Mahindi yamelala. Tulivuna msimu wa pili mwishoni mwa Desemba, kiangazi kimeshaingia, vihenge vilijazwa bila wasiwasi na bila mimi kushika futi.

Mama ameuza magunia sita kwa 950 kwa kilo, jumla 570,000. Agosti mlanguzi alitaka kuyachukua kwa 550, yangeleta 330,000. Tofauti ni 240,000. Ujenzi wa pili ulikula 238,000. Kwa hesabu hiyo makosa yangu yamelipwa na Mama amebaki na faida ya shilingi 2,000. Alizitoa akanipa, noti mbili za elfu, akasema ni mshahara wangu wa miezi saba. Karo ya mjukuu imemalizwa. Magunia sita yaliyobaki ni ya nyumba. Punje zilizobunguliwa nilizoziona ni chache, kwenye gunia moja lenye tundu dogo karibu na shingo.

Jumla ya mradi wote: 484,000 na 238,000 za ujenzi, 130,000 za turubai, 108,000 za magunia. Ni 960,000. Anayeanza na sentimita 60, eneo la upepo na nguzo zilizochomwa hatalipa mara mbili.

Naondoka Jumamosi. Kwa atakayenifuata: nguzo ya tatu upande wa mihogo ina alama ya mchwa juu ya mstari wa oili, irudie kabla ya mvua za Machi. Tawi la mwembe tulilokata linachipua kuelekea jiko, liache, si la vihenge tena. Usifukue shimo. Wavu uliobaki, mita 11, uko darini juu ya jiko. Mzee fundi anautaka kwa ajili ya kuku wake na atakuambia nilimwahidi. Sikumwahidi.